Sufuria ya karatasi kwenye jiko la induksheni: foili au kisahani cha chuma?

Shangazi yangu huuza supu ya pweza na samaki wa chukuchuku jioni, upande wa Raskazone hapa Tanga. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa mkaa. Siku hizi anatumia jiko la induksheni la sahani moja, lile la umeme linalopasha sufuria kwa usumaku. Mwenye kibanda cha jirani humpa umeme, na uniti wanachangiana. Moshi umeondoka, macho hayamwashi tena. Taabu iliyobaki ni maji ya kuoshea. Pale hakuna bomba. Kuna ndoo mbili zinazobebwa kutoka nyumbani, na ikifika saa mbili usiku ndoo ya kwanza imeshakolea mafuta, na bakuli la mteja aliyechelewa linasuuzwa humo humo.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "si wewe fundi wa mambo haya? Nitafutie chombo ambacho mteja anapikiwa mbele yake, anakula humo humo, akimaliza tumemalizana."

"Kipo, shangazi. Cha karatasi."

"Karatasi? Jikoni?"

Tangu siku hiyo nimekunja, nimegundisha na nimechemsha karatasi nyingi. Nimebakiwa na njia mbili zinazofaa kushindanishwa: karatasi iliyogandishwa foili ya alumini, na karatasi tupu yenye kisahani cha chuma kinachowekwa ndani, kikatolewa, kikatumika tena. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayetaka kutengeneza vyombo hivi au kuvitumia kwenye biashara, ili achague akijua anachokichagua.

Karatasi haiungui, ila kwa sharti

Karatasi hushika moto kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi. Maji yakichemka hapa pwani hayavuki nyuzi 100, hata ukiongeza moto namna gani. Joto la ziada linaondoka na mvuke. Basi karatasi nyembamba iliyogusana na maji haiwezi kupanda sana, kwa kuwa maji yanainyang'anya joto kila inapolipata. Wajapani wanaupika mlo wao hivi, kwa chombo wanachokiita kaminabe, yaani chungu cha karatasi. Kinawekwa mezani juu ya jiko dogo, na mlaji anaangalia mchuzi ukitokota ndani ya karatasi nyeupe.

Sharti ni maji yawepo. Juu ya usawa wa maji karatasi haina mlinzi. Kwenye gesi au mkaa, ndimi za moto zikipanda ubavuni, ukingo unawaka. Hapo ndipo induksheni inapoifaa karatasi kuliko jiko jingine lolote, kwa sababu haina mwali. Kioo chake hakizalishi joto, kinapashwa tu na chombo kilichokaa juu yake. Ukingo wa karatasi unabaki mkavu, na unaweza kuushika kwa vidole huku supu inatokota chini.

Tatizo ni kwamba induksheni inataka metali, na karatasi si metali.

Sufuria ya alumini inakataa, foili inakubali

Jambo hili liliwashangaza wote niliowaonyesha, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo, maana ndilo linaloamua muundo wa chombo.

Chini ya kioo kuna koili ya waya. Umeme ndani yake hugeuka mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Usumaku unaobadilika kasi hivyo unaamsha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali iliyo juu ya kioo, na ukinzani wa metali hiyo, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, ndio unaogeuza mikondo kuwa joto. Katika chuma, mikondo hiyo hujibana kwenye ngozi nyembamba ya juu. Kwa masafa ya kilohezi 24, yaani mizunguko 24,000 kwa sekunde, unene wa ngozi hiyo ni kama milimita 0.1. Njia ikiwa nyembamba ukinzani ni mkubwa, na joto linapatikana. Katika alumini mikondo huenea hadi zaidi ya milimita 0.5, na alumini yenyewe inapitisha umeme vizuri, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo mno, chini ya ule wa chuma kwa zaidi ya mara arobaini. Ndiyo maana sufuria zetu za kawaida za alumini, hizi za kupigwa mhuri na kuuzwa kwa seti, hazipiki kwenye induksheni.

Sasa ichukue alumini hiyo hiyo uifanye nyembamba kama foili ya jikoni, milimita 0.015 hivi. Mikondo haina pa kuenea. Inasongamana kwenye utando huo, na ukinzani unapanda hadi kukaribia ule wa chuma. Sufuria nzima ya alumini inakaa baridi, lakini kipande cha foili kilichomo droo ya jikoni kinapata moto. Kikiwa kitupu, bila maji juu yake, kinaweza kuungua na kutoboka kwa muda mfupi, na kabla ya hapo kinaweza kunyanyuka au kuteleza kwenye kioo kwa sababu usumaku unakisukuma. Usijaribu kikavu.

Kwa hiyo foili inafaa. Swali ni inakaa wapi.

Foili: iwe ndani, wala si chini

Nilianza kama wengi watakavyoanza, kwa kugundisha foili chini ya karatasi, upande wa kioo. Inaonekana ndiyo akili, kwa kuwa foili inakuwa karibu na koili na haigusi chakula. Chombo cha kwanza kilichemka vizuri, lakini harufu ya karatasi iliyochomeka ilitoka kabla supu haijaiva, na nilipokipindua nikakuta pete ya kahawia.

Hesabu yake ni hii. Chukua duara la foili lenye kipenyo cha sentimita 14 na wati 1,000 za joto. Kila sentimita ya mraba inabeba wati 6.5. Joto hilo lazima lipite kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye maji, na karatasi ni kizuizi kizuri cha joto. Kwa karatasi ngumu ya unene wa milimita 0.3, kama ya kadi ya mwaliko wa harusi, tofauti kati ya upande wa foili na upande wa maji inakaribia nyuzi 200. Maji yako kwenye nyuzi 100, hivyo foili inakaribia 300. Karatasi iliyogusana nayo haiwezi kupona. Ukishusha hadi wati 400 foili inakaa kwenye 180 hivi. Karatasi itageuka rangi lakini haitashika moto, na utangoja supu yako kwa subira.

Ihamishie foili ndani, upande wa maji, ukaikinga kwa rangi maalumu nyembamba ya vyombo vya chakula. Sasa joto linavuka kizuizi kidogo sana kabla ya kufika kwenye maji, tofauti ni nyuzi chache tu, na karatasi iliyo chini ya foili inabaki kwenye joto la kuchemka kwa maji. Umbali ulioongezeka kati ya foili na koili ni huo unene wa karatasi, sehemu ndogo ya milimita, na jiko halihisi.

Ukikitazama chombo cha aina hii kinapoanza kuchemka utaona kitu kizuri. Viputo havitoki katikati. Vinatoka kwenye duara, kama pete, juu kabisa ya mzunguko wa koili, na katikati maji yametulia. Pete hiyo ndiyo ramani ya joto. Inakuonyesha kwamba foili lazima iwe kipande kimoja kisicho na mkato. Nilikata foili moja kwa mkasi kutoka ukingoni hadi katikati ili nione. Mikondo haikuweza kuzunguka kama kawaida, joto likapungua karibu kote, ila kwenye ncha ya mkato palichemka kwa fujo na foili ikatoboka hapo. Mkunjo mkali au mpasuko mdogo unaweza kuleta madhara ya namna hiyo. Kwa mtengenezaji maana yake ni kwamba foili igandishwe ikiwa bapa, na mikunjo yote ya chombo ianzie nje ya duara lake.

Foili ya ndani ina maadui wawili. Wa kwanza ni jiko lenyewe. Kabla ya kuwasha nguvu, majiko haya hupima kama kuna chombo kinachofaa juu ya kioo, na foili haina usumaku wa chuma, kwa hiyo majiko mengine huikataa, yanalia na kuzima. Jiko la shangazi liliikubali. Jiko la rafiki yangu wa Chumbageni, la bei ya juu zaidi, lilikataa katakata. Mteja akinunua pakiti yako akaipeleka kwenye jiko la aina hiyo, atakuja kukudai fedha zake, na ana haki.

Adui wa pili ni ndimu. Chukuchuku bila ndimu na chumvi si chukuchuku, na mchuzi wa ukwaju ndiyo usiseme. Asidi ikishirikiana na chumvi hula alumini, na foili nyembamba haina nyama ya kuliwa. Rangi ya kukinga ikiwa na tundu la sindano, asidi inaingia hapo. Kwa supu itakayopikwa na kuliwa ndani ya nusu saa hofu ni ndogo. Kwa chakula kilichofungwa asubuhi kikapikwe jioni, mimi singeweka ndimu humo.

Kisahani: chuma kinachorudi

Njia ya pili inaiacha karatasi ibaki karatasi. Unakunja chombo, unaweka ndani kisahani chembamba cha chuma, unamimina supu juu yake. Kisahani kinapata joto kikiwa kimezama, kinapasha maji juu na chini, na karatasi haiguswi na kitu chochote kilichozidi sana joto la maji yenyewe. Ukimaliza unakitoa kisahani, unakiosha, unakiweka kwenye chombo kingine.

Cha kwanza nilikikata kutoka kitako cha kopo la maziwa ya unga. Makopo hayo ni chuma chembamba kilichopakwa bati, yanavutwa na sumaku, na kitako kinatoa duara la sentimita 12 hivi, kipimo ambacho majiko mengi hukitambua kuwa ni sufuria. Chini ya sentimita 10 majiko mengi hayaoni kitu. Kilichemsha vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili karatasi ilitoboka, na sababu ilikuwa ukingo wa kopo, ambao ni makali kama wembe.

Kutoka hapo nilijifunza mambo matatu ambayo ndiyo siri yote ya kisahani. Ukingo usuguliwe kwa msasa au ukunjwe. Kisahani kisilale bapa juu ya karatasi, kwa sababu hapo chini patakauka mvuke ukishasukuma maji, na mahali pakavu chini ya chuma cha moto ndipo karatasi inapoungua. Kipe vimiguu vitatu vya milimita 2 au 3, ambavyo vinapatikana kwa kugonga kwa msumari butu kutokea upande wa juu. Na kitoboe matundu, matano au sita yanatosha, ili mvuke unaozaliwa chini upande juu na maji yashuke kuchukua nafasi yake. Bila matundu kisahani kinadundadunda kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Ukiyatoboa, yaweke katikati na pembeni, mbali na pete ya joto.

Kwa biashara usiendelee na makopo. Bati linachakaa, chuma kinashika kutu, na hewa yetu ya chumvi haichelewi. Tafuta chuma kisichoshika kutu cha aina ya 430, ambacho kinavutwa na sumaku. Aina ya 304, inayotumika kwenye vyombo vingi vya jikoni, haivutwi na inapasha vibaya kwenye induksheni. Nenda dukani na sumaku yako mfukoni, hata ile ya mlango wa friji. Unene wa milimita 0.5 unatosha. Mafundi wa Ngamiani wanaokata mabati watakukatia maduara kumi kwa mchana mmoja.

Kisahani kinakubalika kwenye kila jiko la induksheni nililokijaribu, hata lile la Chumbageni. Kwa uhakika huo peke yake kinaipita foili.

Udhaifu wake ni binadamu. Siku ya kwanza ya kuuza, wateja walikula, wakasifu, wakakunja karatasi na kutupa kwenye pipa pamoja na visahani. Hadi tunafunga tulikuwa tumebakiwa na vichache, na kijana anayemsaidia shangazi alikuwa na mikono ndani ya pipa akivitafuta. Shangazi ndiye aliyepata dawa. Alifunga sumaku kubwa ya spika mbovu kwenye ncha ya mwiko, na sasa mwisho wa jioni anapitisha mwiko kwenye pipa, visahani vinang'ata vyenyewe.

Tahadhari moja kwa njia zote mbili

Majiko ya sahani moja yana kihisi cha joto katikati, chini ya kioo. Kazi yake ni kuzima jiko sufuria ikikauka. Karatasi inamzibia kihisi habari, hasa ukitumia kisahani kilichoinuliwa kwa vimiguu. Maji yakiisha, kisahani kitafika nyuzi za kuchoma karatasi kabla kihisi hakijajua lolote. Chombo cha karatasi hakiachwi peke yake jikoni, hata kwa dakika ya kwenda kumwitikia mtu mlangoni.

Na usidanganywe na namba ya kitufe. Majiko mengi ya bei nafuu hayawezi kupika polepole kwa kweli. Ukiweka wati 200 yanapiga nguvu kubwa kwa sekunde chache, yananyamaza, yanapiga tena. Utayasikia yakivuma na kukatika. Kwa sufuria ya chuma haidhuru. Kwa foili iliyogandishwa chini ya karatasi, zile sekunde chache ndizo zinazochoma. Weka kiwango cha kati ambacho jiko linavuma bila kukatika.

Nusu lita ya supu kutoka joto la kawaida hadi kuchemka kwa wati 800 huchukua kama dakika nne, na hula kama sehemu moja ya ishirini ya uniti. Ukimimina supu iliyokwisha pashwa nyumbani na kuhifadhiwa kwenye chupa ya chai, ni suala la dakika moja.

Njia nyingine, kwa ufupi

Kuna sahani nene za chuma zinazouzwa ili sufuria za alumini zitumike kwenye induksheni. Ukiweka karatasi juu ya sahani hiyo unarudi kwenye kosa la foili ya chini, tena kwa joto kubwa zaidi. Achana nayo.

Wino wenye unga wa chuma niliusikia ukisifiwa. Chembe za unga hazigusani vizuri, mkondo haupati njia ya kuzunguka, joto ni dogo.

Vile visahani vya foili vinene vya kubebea pilau vinasumbua kwa sababu tuliyoiona. Vina unene wa mara tatu hadi sita ya foili ya jikoni, ukinzani unashuka, na majiko mengi yanavikataa au yanavipasha kwa uvivu. Halafu si karatasi.

Karatasi ipi

Hapa ndipo ningependa msomaji wa Tanga anisikilize kwa makini, kwa kuwa ni mambo ya kwetu.

Rahisi ya kuanzia ni karatasi ya kuokea, ile ya kweli. Inatengenezwa kwa kupitisha karatasi kwenye asidi ya salfuriki, nyuzi zinashikamana, kisha inapakwa silikoni. Hailegei ikilowa na inastahimili nyuzi 220. Usiichanganye na karatasi ya nta, ambayo nta yake huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi na itaishia kwenye supu. Vikombe vya karatasi vya kahawa navyo vimepakwa polithini, aina ya plastiki inayoyeyuka karibu na nyuzi 110. Kwa kumiminiwa chai vinatosha, kwa kuchemshiwa na kisahani cha chuma ndani havifai.

Karatasi ya khaki inayotengenezwa Mgololo ni imara na ya hapa nchini, lakini imetengenezwa kwa ajili ya mifuko. Ikilowa bila dawa ya kuiimarisha inalegea. Ninaitumia kama ganda la nje, nikiweka ndani bitana ya karatasi ya kuokea. Kamwe usitumie karatasi iliyokwisha tumika, iwe gazeti, boksi au mfuko wa saruji. Wino na vumbi lake vitaingia kwenye chakula. Na ukiletewa karatasi inayosifiwa kwamba haipitishi mafuta kabisa, uliza imepakwa nini. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na kemikali za jamii ya PFAS, ambazo mwilini na kwenye mazingira haziozi upesi. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za chakula mwaka 2020, na mwaka 2024 Marekani ilitangaza kwamba zimeacha kuuzwa huko kwa matumizi hayo.

Karatasi ninayoitamani ni ya mkonge. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mkonge huku mwaka 1893, mkoa huu umekuwa ukikata majani, kutoa singa, yaani nyuzi za kamba, na kutupa yanayosalia. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kwenye korona, mashine ya kukwangulia majani ya mkonge, nyuzi fupi zisizofaa kamba hubaki na masalia mengine. Nyuzi hizo zikichemshwa kwa magadi makali na kupondwa hutoa karatasi ambayo haichaniki ovyo, maana chembe zake ni ndefu, zinakaribia zile za msonobari na kuzipita za makapi ya miwa kwa mbali. Nilitengeneza karatasi chache kwa sufuria, magadi na chujio la dirisha. Rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Niliilowesha moja usiku kucha, asubuhi nikaivuta kwa mikono miwili na haikukatika.

Kasoro yake ni kwamba inavuja. Nyuzi ndefu zinaacha vinyweleo, maji yanapenya polepole na kuonekana chini kama jasho. Inahitaji bitana au kupakwa. Lakini ganda la mkonge lenye bitana ya karatasi ya kuokea na kisahani cha chuma ndani ni chombo ambacho, ukiacha hicho kisahani na utando mdogo wa silikoni, kinaoza. Chombo cha foili hakiozi, na hakuna mtu wa kukaa akibandua foili kutoka kwenye karatasi. Ukikichoma, foili inabaki kwenye majivu. Nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na ufukwe wetu umepata nafuu inayoonekana kwa macho. Sitaki niwe mtu wa kuujaza foili.

Kuhusu umbo: kunja, usikate. Chukua karatasi ya mraba, inua pande nne, pembe zake zikunje kama bahasha na uzibane juu, juu ya usawa wa supu. Pembe iliyokatwa na kugundishwa huachia maji yakichemka, na gundi nayo itakuwa imekwenda tumboni.

Chakula kipi, na nani achague nini

Supu, chukuchuku, mchuzi mwepesi, chai, mayai ya kuchemsha: hivi vyote vinakwenda. Wali hauendi, kwa sababu maji yanapokauka ndipo ukoko unapoanza, na ukoko wa karatasi haulikiki. Uji mzito unashika chini na kuzuia maji kuzunguka, kwa hiyo unataka mkono usioacha kukoroga, na mwiko utatoboa karatasi. Kukaanga usithubutu. Mafuta hayana kikomo cha nyuzi 100 cha kuilinda karatasi.

Ukiwa na meza ya kuuzia, wateja wanakula hapo hapo mbele yako, chukua kisahani. Kinafanya kazi kwenye jiko lolote la induksheni, hakiogopi ndimu kikiwa cha aina ya 430, na kuosha visahani thelathini vilivyo bapa kunataka maji kidogo sana ukilinganisha na bakuli thelathini. Shangazi anarudi nyumbani na ndoo ya pili ikiwa haijaguswa.

Ukitaka kuuza supu iliyofungwa, mtu akaipike chumbani kwake hosteli au kwenye nyumba ya wageni, foili ya ndani ndiyo njia, kwa kuwa huwezi kumdai akurudishie chuma. Andika kwenye pakiti kwamba majiko mengine hayaikubali, andika kiwango cha juu cha wati, na weka mstari wa kuonyesha maji yasishuke chini ya hapo. Kabla ya kuuza pitia TBS, Shirika la Viwango, wao ndio wasimamizi wa usalama wa chakula, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa mkoani ni mahali pazuri pa kuuliza habari za mashine ya kukunja.

Kwa nyumbani, usinunue hata kimoja. Una bomba na sabuni. Sufuria moja nzuri inayovutwa na sumaku itakupikia kwa miaka, hata ukoko utaupata.

Na kabla hujalipia karatasi ya kwanza ya mzigo, fanya jaribio nililofanya uani kwa shangazi. Chukua vyombo vitano kutoka pakiti tofauti. Tia maji, kijiko cha chumvi na ndimu nzima iliyokamuliwa. Chemsha dakika kumi, kiache kipoe kwa saa nzima, kisha kinyanyue kwa mkono mmoja ukishika pembe mbili. Vitano vyangu vya mwisho, ganda la mkonge na bitana, vilinyanyuka vyote. Viwili vilikuwa na jasho chini, na ninaendelea kuhangaika navyo.